Maji yanayochemka bila moto

Msomaji wetu mmoja wa Buswelu, Mwanza, ana Benzi ya umbo la W123, lile lililoundwa kuanzia 1976 hadi 1986, na kiyoyozi chake cha kiwandani kinamchezea shere. Akikiwasha, baridi inakuja ya kutosha. Zikipita dakika kama ishirini, hewa inageuka vuguvugu. Akizima, akasubiri kidogo, akawasha tena, baridi imerudi. Gesi ameshajaziwa mara mbili, na sasa anashauriwa mtambo wote ung'olewe, ufungwe wa gari la kisasa. Jibu langu ni hapana. Dalili hiyo ya kuja na kukata haitokani na uzee wa vyuma wala uchache wa gesi. Ndani ya mabomba yale kuna maji, pengine matone machache tu, na maji hayatoki kwa kuongezewa gesi.

Orodha ya vipuri nairuka, kila gereji inaijua. Kinachostahili muda wetu ni jambo moja: kimiminika hakina joto moja la kuchemkia, kinaelewana na presha. Ipunguze, kitachemka kikiwa baridi, iongeze, kitachelewa. Hiyo tunayoiita gesi hutumia sehemu kubwa ya safari yake ikiwa kimiminika, kwa hiyo jina lenyewe linatupoteza. "Kipozaji" nacho kinanikera, maana dutu hii haipozi kitu. Inabeba joto huku, ikalitua kule. Mimi ningeiita mchukuzi. Kabla ya Daraja la J.P. Magufuli kufunguliwa Juni 2025, magari yalivuka kutoka Kigongo hadi Busisi kwa kivuko, na kiyoyozi ni kivuko hicho hicho. Nyuma ya dashibodi ndiko Kigongo: presha ni ndogo, mchukuzi anachemka kwenye nyuzi zilizo karibu na sifuri, na kila gramu inayogeuka mvuke inameza takriban juli 200 bila yenyewe kupanda hata nyuzi moja. Hilo ndilo joto fiche, jina zuri kuliko mengi tuliyobuni. Abiria wamejaa na sitaha inaonekana tupu. Kompresa, injini ya kivuko, inaubana mvuke huo hadi karibu mara 17 ya presha ya hewa ya pwani. Kwa presha hiyo R134a, mmoja wa wachukuzi hao, hurudi kuwa kimiminika kwenye nyuzi 60, basi hewa ya mchana ya nyuzi 28 inayopita kwenye rejeta ya AC, kwake ni baridi tele. Hapo ni Busisi, abiria wanashuka wote. Wakati wa kurudi kuna geti jembamba, valvu yenye tundu dogo, ambako presha hushushwa tena. Kivuko halisi hudidimia kikipakia, kwa hiyo mfano wangu nao unavuja, lakini geti ndilo nililokuwa nikilitafuta.

Getini mchukuzi anapoa ghafla, na anaweza kushuka chini ya sifuri. Tone la maji lililozamia safari linaganda papo hapo, punje ya barafu inaziba tundu, baridi inakata. Kiyoyozi kikizimwa barafu inayeyuka, geti linafunguka. Dakika ishirini za msomaji wetu zinatoka hapo. Dawa yake mafundi wanaiita kupiga vakyumu. Kiswahili kina neno lake, ombwe, ila limetekwa na wachambuzi wa siasa: tunasoma habari za ombwe la uongozi hadi tumesahau kwamba ombwe ni kitu kinachopimwa kwa geji. Nataka lirudi gereji. Pampu inapovuta ombwe, presha ndani ya mabomba inashuka hadi maji yachemke kwenye nyuzi 25 za kivulini, bila kiberiti, na mvuke wake unanyonywa nje.

Mwanza ina upendeleo wake: ziwa liko mita 1,134 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na maji ya ugali yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100. Ila wepesi huo huo ni mtego. Geji ya fundi haipimi ombwe lenyewe, inapima tofauti ya ndani na nje. Pwani, presha ya nje ni karibu inchi 30 za zebaki. Buswelu ni 26 tu. Kitabu kilichoandikwa kwa usawa wa bahari kinasema vuta hadi 29, na hapa sindano haitafika 29 hata pampu ikinguruma mpaka Idi. Fundi atadhani pampu mbovu, au bomba limetoboka, na kazi itaachwa njiani. Maji ya nyuzi 25 huchemka presha ya ndani ikibaki chini ya inchi 1, kwa hiyo Buswelu sindano ikipita 25 imefika. Iachwe hapo saa nzima au zaidi.

Atakayepinga mtambo huo kubakizwa atasema Benzi hiyo ilizaliwa na R12, adui wa ozoni, iliyoanza kuondolewa kwa Itifaki ya Montreal ya 1987. Sawa, lakini anayebadilishwa ni mchukuzi, kivuko kinabaki. R134a huingia kwa asilimia 80 hadi 90 ya uzito wa awali, kwa oringi mpya, draya mpya na oili ya esta. Oili ya zamani haichanganyiki nayo, hairudi kwenye kompresa, na kompresa ikikauka imekwisha. Kilo moja ya R134a hupasha dunia kama kilo 1,430 za kaboni dioksidi, na Marekebisho ya Kigali ya 2016 yanataka ipunguzwe. Hoja hiyo inamlaumu anayejaza kila mwezi, siyo mwenye mtambo usiovuja. Wapo wanaotia gesi ya kupikia: mchukuzi hodari, na bomu ndani ya gari. Tusonge.

Kabla ya kujaza, geji zifungwe na pampu izimwe. Sindano ikirudi moja kwa moja hadi sifuri, pana tundu. Ikirudi kidogo kisha ikasimama, maji bado yanachemka mle ndani. Pampu iwashwe tena.