“Methinks”: Kitenzi Kisichotaka Kiima

Yapata mwaka 1600, William Shakespeare alitia katika tamthilia ya Hamlet mazungumzo mafupi ambayo msomaji mwenye haraka huyapita bila kuyatazama. Mwana wa mfalme wa Denmark, ambaye baba yake hajatimiza hata miezi miwili kaburini na mama yake amekwisha kuolewa na ami yake, anamwambia sahibu yake Horatio kwamba anamwona baba yake. Na Horatio, ambaye usiku uliotangulia ameushuhudia kwa macho yake mzuka wa mfalme huyo ukipita kwenye ngome, na amekuja makusudi kuileta habari hiyo, anagutuka na kuuliza ni wapi. Hamlet anamjibu kuwa ni katika jicho la akili yake tu. Mshituko huo wote umejengwa juu ya neno moja, methinks, ambalo Hamlet alilitanguliza kabla ya kusema kuwa anaona, na ambalo Horatio, kwa jinsi moyo wake ulivyojaa hofu, hakulitia masikioni.

Mwanafunzi anayesomeshwa Shakespeare aghalabu huambiwa kwamba neno hilo ni “nadhani” lililovishwa kanzu kuukuu, akaridhika na kuendelea na mengine. Tafsiri hiyo haimwangushi mtu katika mtihani, walakini inamnyima kiini cha jambo. Kiingereza cha kale, kile kilichosemwa kabla ya Wanormani kuivamia Uingereza mwaka 1066, kilikuwa na vitenzi viwili vilivyokaribiana kwa sauti na kuachana kwa maana: thencan, yaani kufikiri, na thyncan, yaani kuonekana au kudhihirika kwa mtu. Katika wakati uliopita cha kwanza kilikuwa thohte, na cha pili thuhte. Wajerumani wangali wanavyo vyote viwili, denken na dünken, ingawa hicho cha pili siku hizi hukutwa vitabuni zaidi kuliko vinywani. Waingereza, kwa kuzipoteza irabu zilizovitenga, waliviacha vitenzi hivyo vikagongana mpaka vyote vikawa think na thought. Na hapo ndipo fumbo lilipozaliwa, maana ile me ilibaki mbele ya kitenzi kinachofanana na kufikiri ilhali kwa nasaba yake hakikuwa kufikiri hata siku moja.

Me hiyo si mtenda bali ni mtendewa. Mwingereza wa leo, ambaye lugha yake imemzoeza kumweka mtu mbele ya kila kitenzi, huona taabu kulielewa jambo hili, lakini Mswahili hana sababu ya kutaabika, kwa kuwa sarufi ya namna hii anaitumia kutwa kucha. Asemapo yanipasa, au imenibidi, au yaniwia vigumu, au lilinipitikia moyoni, hapo hayupo mtu aliyetenda kitu. Lipo jambo, na yupo aliyefikwa na jambo hilo, naye hakukaa mahali pa kiima bali amesitirika ndani ya kitenzi katika silabi moja ndogo. Ndivyo ilivyo methinks: jambo limenijia, limejionyesha kwangu, nami ni mpokezi wake. Anayesema “nadhani” amekata shauri, japo kwa tahadhari. Anayesema methinks hajakata shauri lolote, anaeleza tu lililomfikia.

Kwa asili yake hiyo kitenzi hiki ni kigutu. Hakina amri, hakina wakati ujao, wala huwezi kukitaja kwa umbo la jina kama tutajavyo kuona au kusema. Kina methinks kwa wakati uliopo, methinketh iliyo kongwe zaidi, na methought kwa wakati uliopita, basi. Katika matoleo ya kale ya Shakespeare huzuka pia methoughts, ambayo kwa kanuni yoyote ile ni kosa, kwani s ya wakati uliopo imebandikwa juu ya wakati uliopita. Lakini ni kosa lenye faida kwetu, kwa maana linatufunulia kwamba hata kwa watu wa zama zile neno lilikuwa limekwisha kuganda na kuwa kitu kimoja kisichochambuliwa. Hapo awali nafsi nyingine nazo zilipata sehemu yao, mtu akasema limemwonekea yeye au limewaonekea wao. Na Hamlet mwenyewe, katika sehemu ya mwisho ya mchezo, anamwuliza Horatio kwa umbo la think'st thee, yaani je, lakuonekea wewe. Hizo zikafa. Vitenzi vingine vya jamaa hii vilisalimika kwa kugeuka tabia: me liketh, yaani lanipendeza, iligeuzwa ikawa I like, mtu akahama kutoka mahali pa mtendewa akaketi mahali pa mtenda. Methinks haikugeuka, na nadhani (hapa nakata shauri) ni kuganda kwake kulikoiokoa.

Mfano safi kuliko yote niujuao haumo katika tamthilia. Umo katika Biblia ya Kiingereza iliyochapishwa mwaka 1611 kwa amri ya Mfalme James, katika kitabu cha pili cha Samweli, sura ya 18. Daudi ameketi baina ya malango mawili akingoja habari za vita na za mwanawe Absalomu. Mlinzi juu ya dari ya lango anaona watu wawili wakija mbio, kila mmoja peke yake, na katika aya ya 27 anasema kuwa mbio za yule wa mbele zafanana na mbio za Ahimaasi mwana wa Sadoki. Wafasiri wale wakampa mlinzi methinketh. Sura ya mtu haijaonekana, ni mwendo tu uliotambulikana kwa mbali, na mlinzi hawezi kuapa mbele ya mfalme. Anapeleka chini lile lililofika machoni pake, bila kuongeza wala kupunguza.

Kitenzi kinachompokonya mtu utendaji hakingekosa kupata makao katika ndoto, na huko ndiko washairi walikokipeleka tangu kwa Geoffrey Chaucer katika karne ya 14. Katika Richard III, Clarence amefungwa katika Mnara wa London, na asubuhi anamsimulia mlinzi wake ndoto aliyoiota: ametoroka, yumo chomboni na ndugu yake Gloucester, Gloucester anajikwaa, na katika kujikwaa anamsukuma baharini, naye anazama akiona chini ya maji mabaki ya merikebu na mali zilizotawanyika. Methought inarudi mara baada ya mara katika masimulizi hayo. Clarence hakuifanya ndoto yake, ilimfanyia. Na mtazamaji, ambaye anajua kuwa Gloucester huyo huyo amekwisha kuwatuma wauaji, anasikia katika kila methought mtu asiyekielewa kile alichoonyeshwa. Kwa upande wa mzaha, Bottom mfumaji, aliyevishwa kichwa cha punda usiku kucha katika A Midsummer Night's Dream, anaamka na kujaribu kusema alivyoonekana kwa nafsi yake. Analianza neno hilo, analirudia, na kila mara sentensi inamkatikia.

John Milton alikuwa kipofu kamili tangu mwaka 1652. Ipo soneti yake moja inayofunguliwa kwa methought, ambamo mkewe marehemu anamjia katika ndoto akiwa amevaa nyeupe na uso umefunikwa shela. Wengi hushika kuwa ni mke wa pili, ambaye alimwoa macho yakiwa yamekwisha kupotea. Mshairi asiyeona hawezi kusema “niliona” hivi hivi, akaeleweka. Kwa kulitanguliza neno hilo anapata ruhusa ya kuona, na sarufi yenyewe inabeba huzuni ambayo mshairi wa kiwango cha chini angeitafutia sifa kumi.

Kuanzia karne ya 18 neno likazeeka. Walter Scott alilitia vinywani mwa mashujaa wake wa kale katika Ivanhoe ili wanukie ukale, na leo mtu hulitumia kwa utani, hasa anapomnukuu vibaya Gertrude, mama wa Hamlet, kwa kulipeleka neno hilo mwanzo wa sentensi yake mashuhuri juu ya bibi anayeapa kupita kiasi, ilhali Shakespeare aliliweka mwishoni. Tofauti si ndogo. Malkia anatamka hukumu kwanza, kisha kwa neno la mwisho anaipunguzia makali, kama mwanamke aliyegundua katikati ya baraza kuwa maneno yake yanaweza kumrudia.

Hapa ndipo penye kazi ya mfasiri. S. S. Mushi alipoifasiri Macbeth kwa Kiswahili ilimlazimu kukabiliana na sauti ambayo muuaji aliisikia, au ilimjia kama aliyeisikia, mara baada ya kumwua mfalme aliyelala; na Mwalimu Julius Nyerere, aliyeitoa tafsiri yake ya Julius Caesar mwaka 1963, alikikuta kitenzi hiki mahali ambapo siasa yote ya mchezo imepindukia. Antony amesema maneno yake ya kwanza juu ya maiti ya Caesar, kisha amenyamaza kidogo akijifanya ameshindwa na majonzi. Raia wa kwanza anamgeukia jirani yake na kusema kuwa yamo mengi ya maana katika maneno ya mtu huyu, naye anaanza kwa methinks. Ukimfasiri kwa “nadhani” umemfanya raia mwenye akili yake, aliyepima na kuamua. Ukisema “yaniingia haya asemayo”, au kitu cha namna hiyo, unamwacha alivyo katika Kiingereza, mtu ambaye rai imemwingia kutoka nje dakika ile ile, na aliyeiingiza amesimama hatua chache mbele yake, amenyamaza, akisubiri wa pili na wa tatu waanze kusema vivyo hivyo.