Namna ya Kusema na Wenzetu Kazini

Sikilizeni mfano huu. Mama mmoja alizaa mtoto wake wa sita hospitalini, saa nane ya usiku. Mtoto alilia vizuri na watu wote walifurahi. Baadaye kidogo msaidizi wa maternite, binti mpole, alifunua blanketi akaona kitambaa kimelowa damu. Akakibadilisha. Baada ya muda mfupi kitambaa cha pili kililowa vilevile. Akaenda kwa infirmie mkubwa wa zamu, aliyekuwa akiandika, akasema kwa sauti ndogo: “Baba, yule mama… sijui, labda damu yake inazidi kidogo.” Infirmie hakuinua kichwa. Alijibu: “Damu baada ya kuzaa ni kawaida.” Binti akarudi, akakaa kimya.

Saa tisa na nusu mama wa kusafisha alipita karibu na kitanda, akapaza sauti. Yule mzazi alikuwa baridi, jasho linamtoka, na moyo wake ulipiga upesi sana. Watu walikimbia. Walikanda tumbo, wakampa dawa ya kukaza tumbo la uzazi, na ndugu zake wawili wakatoa damu yao. Alipona, lakini alikuwa karibu na kaburi.

Nani alikosa? Infirmie si mtu mbaya. Amefanya kazi miaka mingi, anapenda maneno machache, na usiku ule alikuwa na wagonjwa wengi. Binti si mvivu. Aliona hatari kabla ya wengine wote. Lakini tangu utoto amefundishwa asimpinge mkubwa. Kila mmoja alisema kwa namna yake, na neno halikuvuka kati yao. Damu haikungoja mpaka wapatane.

WATU SI WA NAMNA MOJA

Tangu zamani watu wameona kwamba tabia zinatofautiana. Galen, munganga wa karne ya 2, alifundisha kwamba mwili una maji ya namna nne: damu, kohozi, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi. Watu waliofuata mafundisho yake walisema kwamba maji yanayozidi ndiyo yanayompa mtu tabia yake. Leo tunajua kwamba sivyo. Nyongo inasaidia tumbo kusaga mafuta, haimfanyi mtu awe mkali.

Mwaka 1928, William Moulton Marston wa Marekani aliandika kitabu juu ya namna nne za watu kutenda. Yeye mwenyewe hakutengeneza mtihani. Watu wengine baadaye walitunga karatasi za maswali, na mpaka leo makampuni mengi yanazitumia kwa wafanyakazi wao. Ni vizuri kujua mambo hayo, lakini usiyaamini kupita kiasi. Mikroskopi inaonyesha vijidudu vya malaria katika damu. Hakuna karatasi ya maswali inayoonyesha moyo wa mtu hivyo. Tena mtu huyohuyo anabadilika akiwa na njaa, na uchovu, au na kilio nyumbani.

Basi tunazitaja namna nne hapa ili tukumbuke kuangalia, si ili tuwafunge watu kamba.

1. Mtu wa haraka. Anataka kujua shauri lenyewe. Ukianza mbali, anakukata maneno. Mwambie neno kubwa kwanza, kisha ngoja maswali yake. Usichukue ukali wa sauti yake kuwa chuki.

2. Mtu wa mazungumzo. Anapenda watu, anacheka, anaahidi upesi. Msalimu vizuri kabla ya kumpa kazi, maana salamu kwake ni mlango. Lakini mkiisha kupatana, mwandikie, au umwombe arudie, kwa kuwa anaweza kusahau.

3. Mtu mpole. Anasema kidogo, hapendi ugomvi. Anaweza kuitikia “ndiyo” hata kama hakuelewa. Usimwulize: “Umeelewa?” Mwulize: “Utaanza na nini?” Kisha nyamaza, umpe nafasi. Usimkemee mbele ya watu, kwa maana kesho ataficha habari.

4. Mtu wa uangalifu. Anataka hesabu, sababu na utaratibu. Maswali yake si dharau. Mpe karatasi, mpe kipimo, mwambie sababu. Ukimwambia “fanya tu,” atafanya kwa mashaka.

GEUZA NAMNA, USIGEUZE NENO

Hapa watu wengi wanakosa. Wanafikiri kwamba kusema vizuri na mkubwa mkali ni kulipunguza neno. Binti wetu alifanya hivyo. Vitambaa viwili vilivyolowa viligeuka kuwa “labda” na “kidogo.” Heshima ni njema, lakini ikae katika salamu na katika sauti, isiingie katika hesabu. Angeweza kusema: “Baba, nisamehe kukukatiza. Vitambaa viwili vimelowa. Naomba uje sasa.” Ndani ya maneno hayo kuna heshima yote, na ukweli wote.

Mambo haya si ya hospitali tu. Tarehe 27 Machi 1977, katika kiwanja cha ndege cha kisiwa cha Tenerife, ndege mbili kubwa ziligongana chini katika ukungu, na watu 583 wakafa. Mkubwa wa ndege moja alikuwa rubani mashuhuri, mwalimu wa marubani wengine. Alipoanza kuikimbiza ndege yake, fundi aliyekaa nyuma yake aliuliza kwa mashaka kama ndege ile nyingine imekwisha kutoka njiani. Rubani alijibu kwa nguvu kwamba imetoka. Fundi hakuuliza tena. Sababu za ajali zilikuwa nyingi, lakini swali lile dogo lilikuwa nafasi ya mwisho. Baada ya ajali kama hizo, marubani walianza kufundishwa kuwasikiliza wadogo wao, na wadogo kusema wazi.

Wanganga nao walijifunza. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya mambo 19 ya kuhakikisha wakati wa operesheni. Kabla ya kupasua, kila mtu aliye chumbani anataja jina lake na kazi yake. Mtu aliyekwisha kusikika mara moja hashindwi sana kusema mara ya pili akiona hatari.

NJIA YA MANENO MANNE

Ukiwa na habari ya hatari, usitafute maneno mengi. Tumia njia hii, iliyotoka kwa wanamaji wa Marekani na sasa inatumika katika hospitali nyingi:

Hali: “Mama wa kitanda cha 4 anatoka damu nyingi.”
Mambo ya nyuma: “Alizaa saa nane. Ni mtoto wa sita. Nimebadilisha vitambaa viwili.”
Fikira yako: “Nafikiri tumbo la uzazi halikukaza.”
Ombi: “Naomba uje sasa.”

Angalia jinsi njia hii inavyowafaa watu wote. Mtu wa haraka anapata neno kubwa kwanza. Mtu wa uangalifu anapata hesabu. Mtu wa mazungumzo anazuiwa asipotee njiani. Na mtu mpole anapewa maneno tayari, asihitaji ujasiri mwingi.

Yule anayepokea habari naye ana kazi. Aweke kalamu chini, amtazame msemaji, kisha arudie aliyosikia. Kurudia kunaokoa watu. Munganga mgeni akisoma saa yake anaweza kusema “saa 8 asubuhi,” na kwetu hiyo ni saa mbili. Msaidizi akishika neno “saa nane” tu, dawa itachelewa saa sita nzima. Vilevile katika Kifaransa treize na seize zinafanana masikioni, yaani 13 na 16. Basi taja tarakimu moja moja: “moja, tatu.” Kuuliza si ujinga.

NA WEWE MGONJWA

Usifikiri kwamba maneno haya ni ya infirmie peke yake. Wewe pia una namna yako. Kama wewe ni mpole, usimwambie munganga “sijambo kidogo” kwa kuwa unaona haya. Taja siku: “Homa ilianza siku ya tatu leo.” Taja mahali: “Maumivu yapo hapa.” Taja dawa zote ulizokunywa nyumbani, hata za miti shamba. Kama wewe ni mtu wa maneno mengi, anza na jambo linalokuogopesha kuliko yote, usiliache mpaka uwe mlangoni.

Na kama hukuelewa namna ya kunywa dawa, usiitikie kwa sababu ya heshima. Sema: “Nirudie, nione kama nimeshika vema: kidonge kimoja asubuhi, kimoja jioni, siku tatu?” Infirmie mwema hatakasirika. Akikunja uso, uliza tu. Uso wake utakunjuka, lakini dawa iliyonywewa vibaya haitoki tumboni.

Nyumbani ni vivyo hivyo, na shambani, na katika mikutano ya kanisa. Mzee anayetoa amri upesi na kijana anayenyamaza wanaweza kuishi miaka mingi bila kusikiana, na kila mmoja anafikiri kwamba mwenzake ana moyo mgumu.

MASWALI YA KUJIULIZA

1. Katika namna nne, wewe unafanana na ipi ukiwa umechoka?
2. Ni nani kazini kwako ambaye hujasikia sauti yake wiki hii? Utamwuliza nini kesho?
3. Mara ya mwisho uliposema “labda” mbele ya mkubwa, je, ulikuwa na mashaka kweli, au ulikuwa na woga?

Yule infirmie wa mfano wetu alibadilisha jambo moja. Kila zamu inapoanza anawaambia wasaidizi: “Mkiona damu, nikatizeni, hata kama ninaandika.” Na binti yule, sauti yake ni ndogo kama zamani. Lakini sasa anahesabu vitambaa, na hesabu yake anaitaja.