Futura: Herufi ya rula na bikari iliyofika hadi mwezini

Na Mwandishi Wetu

BAMBA la chuma cha pua lililoachwa mwezini na wanaanga wa Apollo 11, Julai 1969, limeandikwa kwa herufi kubwa zisizo na pambo lolote. Herufi hizo ni za aina iitwayo Futura, iliyotolewa nchini Ujerumani mwaka 1927. Miaka sita tu baada ya kutolewa kwake, aliyeibuni alitiwa mbaroni na utawala wa Adolf Hitler.

Futura ni kazi ya Paul Renner (1878-1956), msanifu wa vitabu na mwalimu wa uchapaji mjini Munich. Ilitolewa na kiwanda cha Bauer cha Frankfurt, kilichokuwa kikisubu herufi za risasi kwa ajili ya wachapaji.

Wakati huo vitabu na magazeti mengi ya Kijerumani yalipigwa chapa kwa herufi za kale zenye ncha na mikunjo, zijulikanazo kama Fraktur. Renner aliamini kwamba zama mpya zilistahili herufi zake. Aliondoa vikono vidogo ambavyo kwa desturi huwekwa kwenye ncha za herufi, akajenga maumbo yake kwa duara, mraba na pembetatu. Herufi ndogo 'a' ikawa duara lililoegemezwa mstari. Herufi ndogo 't' ikawa msalaba. Herufi ndogo 'j' ikawa mstari mnyoofu wenye nukta juu yake.

Hata hivyo, anayedhani kwamba kazi hiyo ilifanywa na rula na bikari pekee anakosea. Jicho la binadamu lina hukumu yake. Mistari miwili ikiwa na unene mmoja, ule wa ulalo huonekana mnene kuliko wa wima. Duara lililo sawa kwa kimo na mraba huonekana fupi kuliko mraba huo. Kwa sababu hiyo, katika Futura mistari ya ulalo ilipunguzwa unene, herufi za mviringo zikaruhusiwa kuvuka kidogo mstari wa msingi, na mahali duara linapokutana na mstari pakakondeshwa. Usawa anaouona msomaji umepatikana kwa kuvunja usawa wa vipimo.

Ugumu huo huongezeka katika Futura nzito. Mstari unaponenepeshwa, tundu lililo ndani ya 'a' au 'e' husinyaa, na wino ukitandaa kwenye karatasi hafifu ya gazeti, tundu hilo huweza kuziba kabisa. Hivyo basi, herufi nzito haipatikani kwa kuongeza wino juu ya herufi nyembamba. Huchorwa upya: umbo hupanuliwa, viungo hukondeshwa zaidi, na ncha kali, kama ile ya juu ya 'A', hukatwa ikawa bapa.

Herufi hizo zilizaliwa katikati ya ugomvi wa kisiasa. Mwaka 1932 Renner alichapisha kijitabu kilichopinga msimamo wa Wanazi kuhusu utamaduni. Aprili 1933, miezi michache baada ya Hitler kuingia madarakani, Renner alikamatwa. Aliachiwa muda mfupi baadaye, lakini akaondolewa katika uongozi wa chuo cha wachapaji mjini Munich.

Wanazi walikuwa wakiitukuza Fraktur kuwa ndiyo herufi halisi ya Kijerumani. Januari 1941 wakageuka: waraka wa Martin Bormann uliipiga marufuku kwa madai ya uongo kwamba ina asili ya Kiyahudi, na kuagiza herufi za Kirumi zitumike badala yake. Herufi ile ile iliyosifiwa kwa uzalendo ikawa haramu kwa amri ya watu wale wale.

Baada ya vita Futura ilienea zaidi, hasa katika biashara. Kwa miongo mingi matangazo ya magari ya Volkswagen yaliitumia. Kampuni ya samani ya IKEA iliitumia hadi mwaka 2009, na ilipoiacha ililalamikiwa na wasanifu wa nchi mbalimbali. Msanii Barbara Kruger wa Marekani amejulikana tangu miaka ya 1980 kwa maneno ya Futura nzito ya mlazo, meupe juu ya utepe mwekundu, yanayohoji mamlaka na tamaa ya kununua. Ukali ule ule uuzao gari waweza pia kumkemea mnunuzi.

Kwa wasomaji wa Kiswahili ipo tahadhari ya pekee. Maneno yetu yamejaa irabu, na katika Futura 'a', 'o' na 'e' zote zimetokana na duara. Neno kama "maandamano" likiandikwa kwa herufi ndogo nzito huwa msururu wa maduara unaofanana mno machoni, hasa likitazamwa kwa mbali. Herufi kubwa 'I' na herufi ndogo 'l' nazo ni mistari mitupu miwili.

Kwa hiyo, mahali pa Futura nzito ni kichwa cha habari, jalada na bango lenye maneno machache, yaliyoachiwa nafasi ya kutosha. Habari ndefu yafaa iandikwe kwa herufi zinazotofautiana zaidi, ili jicho lisome bila kuchoka.