NILIAZIMWA MASIKIO, NIKATOA SIRI YA DADA!

Msomaji wangu, wiki hii nina kesi, na mshitakiwa ni mimi mwenyewe. Nitajisomea mashitaka, nitajitetea kidogo, halafu hukumu nakuachia wewe. Ila naomba jambo moja kabla hatujafika mbali: usitafute jina langu hapo juu, halipo. Ukinijua mimi utakuwa umemjua na dada yangu, na habari hii ni yake kabla haijawa yangu.

Tunakaa Buzuruga, hapa hapa Mwanza, upande wa barabara iendayo Musoma. Anayepajua Buzuruga anazijua kelele zake. Makonda wanaita abiria, bajaji zinapiga honi, wauza sato wa kukaanga wanagombea wateja, na spika za maduka ya simu zinashindana nani atampasua mwenzake masikio. Katikati ya makelele yote hayo dada yangu anapita zake kimya, kwa sababu ni kiziwi tangu utotoni.

Watu wa stendi wanamwita "bubu". Bubu wapi! Ana maneno mengi kuliko mimi, ila yake yapo mikononi. Alisoma Tabora, kwenye ile shule ya viziwi iliyoanza mwaka 1963, na kila likizo alinifundisha lugha ya alama chini ya mwembe wa jirani. Nilipofika darasa la tano nilikuwa mkalimani wa familia bila mshahara. Dukani mimi, kwa mjumbe mimi, kanisani mimi, na ukumbini kwenye sherehe ni mimi tena, hata pilau naila imepoa.

SIKU YENYEWE

Siku moja akaniomba nimsindikize kwenye zahanati fulani. Miguu anayo, na njia anaijua kuliko mimi. Tatizo ni kwamba pale hakuna mhudumu hata mmoja anayejua lugha ya alama.

Tukapanga foleni, zamu ikafika, tukaingia. Basi bwana, nesi hakumtazama dada hata mara moja! Akanigeukia mimi: "Huyu anaumwa nini?" Mlango uko wazi, foleni nzima imetega masikio. Nikamuuliza dada kwa alama, naye akajibu kwa alama, taratibu, mikono ikiwa karibu na kifua ili wa nje wasione. Nami nikatafsiri kwa sauti... ile sauti yangu ya kijiweni, isiyo na breki. Mama mmoja kwenye benchi akaguna, "Mh!"

Ndani ya dakika kumi nilikuwa nimelijua jambo la dada ambalo hajawahi kumwambia mtu yeyote. Jambo gani? Usiniulize. Nimekwisha litaja mara moja maishani, na hiyo mara moja ndiyo iliyonifikisha kizimbani.

Jioni mama akaniuliza, "Haya, mmeambiwaje huko?" Nami, kama kasuku aliyeshiba karanga, nikamwaga mchele penye kuku wengi. Mama akamwambia shangazi wa Igoma, "lakini usimwambie mtu." Shangazi akampigia mama mdogo wa Kirumba, "lakini iishie hapa hapa." Kufika Jumapili, majirani walikuwa wanamtazama dada kwa lile jicho la huruma lenye umbea ndani yake. Mnalijua!

Dada hakunigombeza. Alichukua kipande cha karatasi, akaandika, akakiweka kando ya sahani yangu ya ugali: "Niliazima masikio yako. Siri yangu sikukupa."

Mwe! Ugali haukupita.

Mara iliyofuata alikwenda peke yake. Nesi akamwambia arudi, akamwonyesha vidole vitatu. Alimaanisha siku tatu. Dada akaelewa wiki tatu. Aliporudi alikuwa taabani, na akagombezwa kwa kuchelewa. Msomaji, hapo ndipo nilipojua kwamba umbea wangu haukuwa umbea wa kawaida. Mimi nikipoteza uaminifu nampoteza rafiki. Yeye akipoteza mtu wa kumwamini, anapoteza na tiba.

KUMBE SHERIA IPO

Nilikuwa nadhani kutunza siri ni ustaarabu tu, ukipenda unafanya, usipopenda unaacha. Nikaanza kuulizia na kusoma, nikakuta mambo ni mazito.

Katiba yetu ya mwaka 1977, Ibara ya 16, inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa nafsi yake na maisha yake binafsi. Kila mtu, haikuandikwa "kila mtu anayesikia". Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unalisema jambo hili waziwazi katika Ibara ya 22: habari za mtu mwenye ulemavu, za afya yake na za huduma anazopewa, zitunzwe kwa siri sawasawa na za watu wengine. Ibara ya 25 inawataka watoa huduma za afya wamhudumie kwa ridhaa yake mwenyewe, baada ya kumweleza akaelewa. Hairuhusu kumweleza mdogo wake halafu mambo yakaishia hapo.

Hapa nyumbani tukatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu mwaka 2010. Halafu ikaja Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Hii imeziweka habari za afya kwenye fungu la taarifa nyeti, ambazo hazichezewi bila ridhaa ya maandishi ya mwenyewe, isipokuwa kwa sababu ambazo sheria yenyewe imezitaja.

Sasa jiulize wewe unayependa kushika simu. Umewahi kuona watu wanagawa baiskeli za magurudumu matatu? Kabla mtu hajaikalia vizuri, kamera tano usoni! Jina lake, mtaa wake na ugonjwa wake vinarushwa mtandaoni jioni hiyo hiyo. Aliulizwa lini? Na angekataa picha, angepewa hiyo baiskeli? Msaada unaodai uso wako kama malipo si msaada tena, ni biashara.

Au mzee asiyeona anayekwenda kwa wakala kutoa pesa. Anamtajia kijana namba ya siri, na walio nyuma yake wote wanaisikia. Jioni akikuta salio limepungua atamshika nani shati?

SISI WA ZIWA TUNAJUA

Wengine watasema siri ni mambo ya wazungu, sisi tunaishi kwa ujamaa. Jamani, kama kuna watu wanaojua kwamba siri inaweza kuwa uhai, ni sisi wa Kanda ya Ziwa. Wakati wa yale mauaji ya watu wenye ualbino, kumtajia mgeni nyumba ya mtoto fulani ilikuwa sawa na kumwonyesha fisi zizi la mbuzi. Watoto walihamishiwa mahali kama shule ya Mitindo kule Misungwi na kituo cha Buhangija, Shinyanga, ili wapate ulinzi.

Na serikali ilipotaka wananchi wawataje wanaowashuku, Machi 2009, iliandaa nini? Kura za siri. Ilijua fika kwamba mtu hasemi la moyoni mpaka awe na hakika kwamba halitamrudia. Sasa, kama mtu mwenye nguvu zake anahitaji siri ndipo aseme ukweli, kwa nini dada yangu aseme ukweli wake mlango ukiwa wazi?

Hata kwenye uchaguzi mkuu jambo hili limefikiriwa. Mpiga kura asiyeona anaweza kuja na mtu anayemwamini yeye, au akatumia kifaa chenye nukta nundu akapiga kura yake mwenyewe. Angalia hilo neno: anayemwamini YEYE. Msaidizi anachaguliwa na mwenye shida, hateuliwi na ukoo.

MASHARTI YA DADA

Haki bila wajibu ni kama daladala bila breki, na dada analijua hilo. Nilipokwenda kumwomba radhi alinisikiliza, maana yake alinitazama mikono mpaka ikachoka. Halafu akanipa masharti, nami nayaandika hapa kwa faida ya kila anayemsaidia mtu.

Kwanza, nikae pembeni, yeye ndiye akae mbele ya nesi. Nesi akinitazama mimi, nami nimtazame dada, mpaka aelewe mgonjwa ni nani. Pili, nitafsiri yote, hata yale yanayosemwa chini chini. Nisipunguze kwa kumwonea huruma wala nisiongeze la kwangu. Tatu, mlango ufungwe kabla sijafungua mdomo. Nne, tukitoka nje, mimi sijui kitu.

Na upande wake? Alijiwekea masharti bila mimi kumwambia. Ataniambia mapema, asinitoe kwenye shughuli zangu kama mtumwa wake. Akisema saa mbili, iwe saa mbili. Asipoelewa aseme hajaelewa, aache kuitikia kwa kichwa ili tumalize haraka. Kama nimekosea aniambie mimi kwanza kabla hajanitangaza. Na yapo mambo ambayo hataki kabisa niyajue. Kwa hayo atatafuta mkalimani aliyesomea kazi hiyo, nami nisinune. Chama cha viziwi, CHAVITA, ni mahali pazuri pa kuanza kuulizia.

Hilo la mwisho liliniuma kidogo, nisikufiche. Miaka yote nilijiona mwema. Kumbe wema wangu nao ulikuwa na kiburi ndani yake, nilidhani kwa kuwa namsaidia, basi maisha yake yana mlango wangu na funguo ninazo mimi.

MAMA NAYE

Juzi tulikwenda tena, safari hii zahanati nyingine. Dada alikaa mbele. Nikaomba mlango ufungwe, dokta akaufunga mwenyewe na kuomba radhi. Tulitumia robo saa. Tulipofika nyumbani mama alikuwa anachambua dagaa uani. Akaniuliza lile lile swali lake: "Mmeambiwaje huko?"

Nikamjibu, "Mama, muulize mwenyewe, huyo hapo."

Mama akaniangalia kama mtu aliyetukanwa. Miaka yote hiyo na binti yake, salamu na "njoo ule" tu ndizo alama anazozijua. Yaliyobaki yote yalikuwa yanapitia kwangu. Akanyamaza kidogo, akapangusa mikono kwenye kanga, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Sasa mwanangu, nitamuulizaje?"

Nikamfundisha. Ilimchukua kama dakika tano, vidole vya dagaa vinateleza na havikunjiki. Halafu akamgeukia dada, akamuuliza kwa mikono yake mwenyewe: "Unaendeleaje?"

Dada alimjibu. Mimi nikainuka nikaenda zangu dukani kununua chumvi, ingawa ndani ilikuwapo.

Makala hii ameisoma yeye kabla ya mhariri. Amefuta sentensi mbili na mahali nilipotaja kazi anayofanya, kisha akairuhusu. Kazi kwako msomaji: ni siri ya nani uliyoibeba mfukoni, ukidhani ni yako? Tuonane wiki ijayo.