Kebo Kama Sehemu ya Antena: Uchaguzi wa Vifaa katika Viungo vya Redio vya Gigahezi 2.4

Katika upangaji wa mitambo ya redio isiyotumia waya, aghalabu antena huchaguliwa kwanza kwa kuzingatia gaini yake, kisha kebo ya koaksia hununuliwa kwa kuzingatia bei. Makala haya yanapinga utaratibu huo. Kihesabu, kebo ni sehemu ya antena: gaini iliyoandikwa kwenye antena haina maana kabla ya kuondoa upotevu wa kebo inayoilisha.

Tuchukue kiungo cha kilomita 10 kati ya shule mbili zinazogawana huduma moja ya intaneti. Katika gigahezi 2.4, upotevu wa mawimbi kwenye anga wazi kwa umbali huo ni takriban desibeli 120. Kisambazaji kikiwa na miliwati 100, na kila upande ukiwa na antena ya gaini ya desibeli 24, kipokezi kingepata ishara iliyo desibeli 52 chini ya miliwati 1 endapo kebo zisingekuwapo. Hiyo yatosha kabisa. Sasa tuweke mita 30 za kebo aina ya RG-58 kila upande. Kebo hiyo hupoteza takriban desibeli 1 kwa kila mita katika masafa haya. Antena zimeongeza desibeli 48, kebo zimeondoa 60. Ishara inafika ikiwa desibeli 112 chini ya miliwati 1, ilhali kelele ya kijoto pekee katika chaneli ya megahezi 20 iko desibeli 101 chini ya kiwango hichohicho. Ishara imezama. Kwa LMR-400, inayopoteza takriban desibeli 0.22 kwa mita, ingefika ikiwa desibeli 65 chini, na shule zingewasiliana.

RG-58 si kebo mbovu. Katika megahezi 100, mita 30 zake hupoteza takriban desibeli 5 tu, na ndiyo maana mafundi wa redio za mawasiliano huiamini. Masafa yanapopanda, mkondo husongamana kwenye ngozi ya kipitishi, na kihami nacho hufyonza nishati zaidi.

Kuongeza nguvu ya kisambazaji hakutibu tatizo upande wa pili: upotevu unaotokea kabla ya kikuza ishara cha kwanza huongeza kelele ya mfumo kwa kiasi kilekile, na vikuzaji vinavyofuata haviwezi kuirudisha ishara iliyopotea. Kinyume chake, hofu ya kuunganisha kebo ya omu 75 na kifaa cha omu 50 imetiwa chumvi. Kiungio kimoja cha aina hiyo huakisi asilimia 4 tu ya nguvu.

Ugumu halisi uko kwenye kimo. Katikati ya kiungo hiki, njia ya mawimbi inahitaji takriban mita 11 za uwazi juu ya miti na mapaa, hivyo mlingoti hurefushwa, na kebo pamoja nao. Kwa maoni yangu, mlingoti unapozidi mita 10 ni afadhali redio yenyewe ipandishwe ndani ya sanduku lisiloingiza maji, kando ya antena, ili kinachoteremka kiwe kebo ya Etheneti yenye kubeba data na umeme pamoja, ambayo huruhusiwa kufikia mita 100. Gharama yake ni kwamba kila matengenezo yatadai fundi apande, na kinga ya radi sharti iwekwe kwenye kebo hiyo pia. Katika mwambao, viungio vya juu vifungwe kwa utepe wa mpira unaojishika, kwani unyevu wa chumvi ukiingia kwenye koaksia, hata kipande kifupi hulazimu kubadilishwa.