Theluji ya Mlimani na Mvua ya Shambani

Wakulima wa Arusha na Meru,

Mara nyingine, baada ya usiku wa mvua na baridi, mtu aliyeko Levolosi hutazama kaskazini akakiona kilele cha Meru kimekuwa cheupe. Wako wasemao, "Mwaka huu mifereji haitakauka." Tumaini hilo halina msingi, na alitegemeaye huenda akapata hasara.

Jueni asili ya weupe huo. Kila mtu apandapo mita 1,000, joto hupungua kadiri ya digrii 6. Mji wa Arusha uko mita 1,400 hivi juu ya bahari, na kilele cha Meru hupita mita 4,500. Kwa hiyo maji yaangukayo kwenu kuwa mvua huweza kuganda huko juu. Lakini theluji mpya ya kina cha sentimita 10, ikiyeyuka, hutoa kadiri ya sentimita 1 tu ya maji. Na theluji ya Meru haikai. Hata Kilimanjaro, ambako barafu hukaa, eneo lake lilipungua kwa sehemu 85 katika kila 100 kati ya 1912 na 2007.

Basi maji ya mifereji yatoka wapi? Yatoka katika mvua ya masika, Machi hata Mei, na ya vuli, Oktoba hata Desemba. Pepo zitokazo Bahari ya Hindi hugonga mlima, hupanda, hupoa, na kuangusha mvua upande wa kusini na mashariki. Nyuma ya mlima, kama Oldonyo Sambu, mvua ni haba. Msitu huyapokea maji hayo, udongo wake huyanywa, nayo hutoka polepole katika chemchemi wakati wa kiangazi.

Kwa hiyo shikeni mambo matatu. Kwanza, msipande kwa manyunyu ya siku moja. Chimbeni kwanza, mwone kama unyevu umeshuka chini vya kutosha. Pili, fanyeni makinga maji kukingama na mteremko: mvua ya milimita 25 juu ya ekari 1 ni zaidi ya lita 100,000, nayo isipozuiwa huchukua udongo wenu. Tatu, msikate miti penye chemchemi.

Theluji ni pambo la mlima. Ghala ya maji yenu ni msitu, na udongo mliolinda.