Usubi wa Vivimbe na Picha Zinazomtambulisha

Katika mikoko ya Quiterajo, wilayani Macomia, mkoani Cabo Delgado, Msumbiji, si mbali na mahali ambapo mto Messalo humwaga maji yake baharini, mtu anayekuta vivimbe kwenye majani ya mchu (Avicennia marina) na kuvipiga picha kwa simu hujiuliza kama picha hiyo yatosha kumjua mdudu aliyevisababisha. Miongoni mwa wanaoshukiwa ni wadudu wa familia ya Cecidomyiidae, ambao jina la usubi wa vivimbe linawafaa kuliko nzi wa vivimbe, kwani ingawa wana mabawa mawili kama nzi, aghalabu urefu wao ni milimita 1 hadi 3 tu.

Kinachowatambulisha kwa uhakika ni kipapasio. Pingili zake nyingi zimezungukwa na nyuzi nyembamba mno, ziitwazo sirkumfila, ambazo hazipatikani katika familia nyingine yoyote ya wadudu, na kazi yake ni kunasa harufu. Kwa madume wa jenasi nyingi nyuzi hizo hutokeza nje zikawa vitanzi, na faida ya umbo hilo huonekana kwa kumfikiria mvuvi anayetega jarife: wavu uliokunjwa hupitwa na samaki hata ukiwa na nyuzi nyingi, lakini ukitandazwa kukingama mkondo, kila jicho lake hukutana na maji mapya, na wavu mwepesi hufanya kazi ya wavu mzito; vivyo hivyo vitanzi hutandaa hewani, na dume ambaye maisha yake ni ya siku chache huinasa harufu hafifu ya jike.

Picha iliyopigwa kwa lenzi ya kukuzia, ikionyesha kipapasio hicho, miguu mirefu na bawa lenye vena chache, humweka mdudu katika familia yake. Spishi ni jambo jingine, maana zaidi ya 6,600 zimekwisha kuelezwa, na utafiti wa vinasaba wa Canada uliochapishwa mwaka 2016 ulikadiria kuwa duniani huenda zikafikia milioni 1.8. Hapo mmea husaidia sana, kwa sababu spishi nyingi hushikamana na mmea mmoja au jamaa zake wa karibu: Procontarinia matteiana, anayepatikana Kenya na Oman, huishi katika majani ya mwembe, na mwaka 1998 Gagné na Law waliunda jenasi ya Actilasioptera kwa ajili ya usubi wa mchu huohuo kutoka Queensland, Australia. Kwa hiyo uchunguzi wa mimea uliofanywa mwaka 2008 na 2009 katika misitu ya pwani ya Cabo Delgado, ukiwemo wa Quiterajo, ni msingi kwa mchunguzi wa wadudu pia.

Anayetaka picha zake zimfae mtaalamu apige mmea mzima, pande zote mbili za jani, kivimbe kilichopasuliwa pamoja na buu lililomo, kisha mdudu aliyekomaa. Tena ahesabu mabawa, kwani mwenye mabawa manne huenda ni nyigu mdogo aliyemla mwenye kivimbe. Aandike tarehe na mahali, na mdudu mwenyewe amhifadhi katika spiriti, kwa sababu jina la spishi bado hutegemea hadubini.